Kona ya Nisogelee

Jumatatu, 3 Juni

Bosi kanipa daftari. Jalada gumu, kurasa zimepigwa namba, moja mpaka mia mbili. Kasema kila siku niandike nilichofanya kwenye treni, maana mkaguzi wa mwaka huu ni mpya na anataka maandishi. Nikamwambia shule niliishia darasa la nne. Kasema, "Mzee, andika unavyoongea."

Haya. Naongea.

Leo nimepaka mnyororo grisi. Nimekaza nati nguzo ya kwanza mpaka ya sita. Goti linauma.

Jumanne, 4 Juni

Nguzo ya saba mpaka ya kumi na nne. Kutu kidogo. Goti vilevile.

Jumatano, 5 Juni

Mkaguzi ni mgeni, kwa hiyo nieleze. Hii ni treni ya kuchezea, iko katikati ya bustani ya michezo, kati ya bembea na vigari vya kugongana. Mabehewa matano, kila behewa watu wawili. Mbele pamechongwa kichwa cha kobe, na migongoni kuna magamba ya kijani ambayo mimi ndiye ninayeyapaka rangi. Tunamwita Kobe. Mnyororo unamvuta mpaka juu, kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, halafu unamwachia. Anashuka, anapanda kilima kidogo, anapita kona tatu, anarudi. Mizunguko miwili, dakika mbili kasoro.

Watu husema ukimwona kobe juu ya mti, jua kuna aliyempandisha. Aliyempandisha ni mimi. Mwaka wa ishirini na saba huu.

Asubuhi natembea reli yote kwa miguu na nyundo. Kila nati naigonga. Iliyokaza inalia ting. Iliyolegea inasema tep. Nikimaliza napakia mifuko kumi ya mchanga kwenye viti, naifunga mikanda kama watu, naizungusha mara tatu. Mchanga kwanza, watu baadaye. Mfuko wa behewa la tatu, upande wa nje, nauchagua. Nauweka usio na tundu.

Jumamosi, 8 Juni

Shule zimefungwa, watu wamefurika. Nimekaa kwenye kibanda naandika, Bibi Tiketi kachungulia dirishani. Huyu ndiye anayekata tiketi za Kobe, mwanamke mnene, mdomo hauna breki. Kasema, "Kobe akiinama anatunga sheria. Unatutungia sheria gani, Mzee Spana?" Nikamwambia sheria ya kwanza, mwuza tiketi afunge mdomo. Kasema, "Hiyo itavunjwa leo leo."

Alikuja mtoto wa kike, miaka mitano hivi, kafika alama nyekundu kwenye kijiti cha kupimia kimo, kaanza kulia. Mama yake akataka kuondoka. Baba akasema mara moja tu, nitakushika. Wakapanda. Mzunguko wa kwanza uso mkavu kama ubao. Wa pili kafumbua jicho moja. Kashuka, kasimama, kafikiri, kasema, "Tena." Mara ya nne kanyoosha mikono yote miwili juu, na baba ndiye aliyeshika chuma.

Ujasiri unalishwa kwa kijiko. Ukimpa mtoto sufuria nzima anatapika.

Jumapili, 9 Juni

Watu wengi. Binti yangu kapiga simu. Nimemwambia aje na mtoto. Kasema ataangalia.

Alhamisi, 13 Juni

Bosi katuita ofisini, katuonyesha picha ya treni nyingine kwenye simu. Inaitwa Tai. Ndefu kuliko mnara wa maji, inapindua watu kichwa chini mara tatu. Kasema wateja siku hizi wanataka kusisimka. Nikauliza itakaa wapi. Kaangalia viatu vyake. Viatu vyeupe, kwenye bustani yenye grisi, mtu mzima.

Kasema, "Hapo alipo Kobe, mzee."

"Lini?"

"Mafundi wa kung'oa nimewaambia tarehe mbili Septemba. Mvua zikianza tunafunga, tunang'oa. Labda msimu huu Kobe anionyeshe vingine."

Baba yake, bosi wa kwanza hapa, alikuwa na makelele lakini nati alizijua. Huyu nati haijui hata kwa kuonyeshwa.

Ijumaa, 14 Juni

Sikulala vizuri. Kazi imefanyika.

Jumapili, 16 Juni

Binti kapiga. Nimemwambia safari hii asiangalie, aje kweli, maana Kobe anang'olewa. Kasema, "Bora, baba. Utapumzika goti."

Sikumaanisha goti.

Jumamosi, 22 Juni

Leo ni siku tuliyooana mimi na marehemu mke wangu. Daftari linivumilie.

Miaka ishirini na saba nyuma tulikuwa vibarua wanane, tunamjenga Kobe huyu. Mwanamke mmoja akitupikia, chini ya banda la bati pale vilipo vyoo sasa. Tulimwita Mpishi, na mimi nimemwita Mpishi mpaka mwisho. Treni ilipokamilika tukazungusha mchanga. Fundi mkuu akasema sasa anataka mtu mwenye roho. Wanaume wanane tukaangalia chini kama tumeangusha kitu.

Mpishi akaweka upawa. Akasema, "Nyie mnaogopa mlichojenga wenyewe?" Akaenda akakaa behewa la tatu, upande wa nje. Nikaona aibu, nikakaa ubavuni.

Kona ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, kwenye nguzo ya tisa, treni ikalala upande ghafla na Mpishi akaniangukia mzima mzima, kilemba chake kinywani mwangu. Akasema, "Samahani, kaka." Nikasema hamna neno. Mzunguko wa pili, palepale, akaja tena. Safari hii hakuomba samahani.

Kashuka, kamwambia fundi mkuu mbele ya wote, "Treni yenu imenipeleka kwa huyu mara mbili. Mara ya tatu nitajipeleka mwenyewe."

Na alijipeleka.

Wateja nao wakaipenda ile kona. Wakaiita Nisogelee. Wachumba wanagombania kukaa. Wazee waliokasirikiana wanashuka wakicheka, maana huwezi kuendelea kununa na mtu uliyemlalia.

Kila mwisho wa msimu mimi na Mpishi tulipanda mzunguko wa mwisho. Kwenye Kobe mnaongea, ndio uzuri wake. Mnyororo ukivuta mna muda. Aliniambia ana mimba ya binti yetu tukiwa tunavutwa juu, hatua tatu kabla ya kilele. Nikashuka mteremko wote sijavuta pumzi. Kwenye hayo matreni ya kupindua unafumba macho na kupiga kelele, na uko peke yako hata mkiwa watu ishirini. Kwenye Kobe unamwona uliyekuja naye.

Miaka minne iliyopita figo zilimchosha. Akasema, "Nipeleke nikapande." Binti yangu ni muuguzi, akakataa. Nikampeleka. Nilimbeba mpaka kwenye kiti, hana uzito wa mfuko mmoja wa mchanga. Nguzo ya tisa akaniangukia, akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. Siku ya tisa baada ya hapo akafariki.

Binti aliniambia msibani, "Ulimpandisha mama kwenye mchezo wa watoto huku anakufa." Daktari alishasema treni haihusiki. Binti anajua. Kujua na kukubali ni nyumba mbili, na barabara kati yake ni mbovu.

Tangu siku hiyo hajakanyaga hapa. Mimi nakanyaga kila siku, lakini sijapanda.

Ninachotaka ni kimoja. Binti apande mara moja kabla Kobe hajang'olewa. Apite pale mama yake alipocheka. Asiposema kitu, basi.

Jumatatu, 1 Julai

Mkaguzi kaja. Kumbe mwanamke, mdogo, koti la njano, kalamu nne mfukoni. Katembea reli yote kwa miguu kama mimi. Nikaanza kumpenda. Kisha kafika nguzo ya tisa, kaweka chombo chake cha kupimia.

"Mzee, hapa reli ya nje imeinuka. Kwenye mchoro haipo hivi."

Nikasema sijui.

"Bolti zimeshika, nyufa hakuna, kwa leo sikufungii. Ila nataka maelezo. Narudi wiki ya sita." Kaliangalia daftari jalada tu, kaniuliza kama naandika, nikasema naandika. Hakulifungua.

Bosi kasema wakaguzi wote ndivyo walivyo, wanahesabu kurasa. Kama ni hivyo niandike ukweli, labda utanitoka.

Reli inakaa juu ya nguzo kwa vibati, vipande vya chuma vya kuegemeza. Mchoro ulitaka vyembamba pande zote mbili. Siku naifunga nguzo ya tisa, Mpishi alikuwa anakatiza uwanja na ndoo ya maji kichwani, mikono ameiachia. Namwangalia yeye, mkono unachukua kibati. Ukachukua kinene. Nikafunga upande wa nje, nikakaza, nikageuka kumwangalia tena.

Nilijua baada ya wiki, nilipohesabu vibati na kimoja kikazidi. Nikanyamaza. Ningefanyaje. Kosa lilikuwa limeshanipa mke.

Nisogelee ni kosa langu. Hakuna aliye hai anayelijua ila mimi na daftari.

Jumanne, 2 Julai

Nimefika alfajiri kabla ya wote. Nimeinua reli kwa jeki, nimetoa kibati kinene, nimeweka chembamba, nimekaza. Mchanga mizunguko sita badala ya mitatu. Sasa ni kama mchoro. Mkaguzi akirudi atakuta sawa, maelezo hayatahitajika.

Kibati nimekifunga kwenye kilemba cha Mpishi, kiko chini ya sanduku la spana. Kizito kuliko nilivyokumbuka.

Jumatano, 3 Julai

Kazi imefanyika.

Jumamosi, 6 Julai

Watu walijaa. Kobe akapita nguzo ya tisa kama maji kwenye bomba. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja na mkewe, wanakuja kila mwaka, walishuka wakiwa wamekaa wima vilevile walivyopanda. Mke kasema, "Mwaka huu haina kitu." Mume kasema, "Sisi ndio tumezeeka." Nikawasikia. Nikageukia mnyororo.

Jumapili, 7 Julai

Binti kapiga. Ataangalia.

Jumatano, 10 Julai

Upepo. Bibi Tiketi kauliza, "Spana, umemfanya nini Kobe? Anapita kama anakwenda msibani." Nikasema ukazaji mpya. Kasema, "Basi mlegeze."

Jumapili, 14 Julai

Asubuhi, mchanga nimeshaushusha, nikamkuta Bosi amekaa behewa la kwanza peke yake na viatu vyake vyeupe. Kasema, "Mzee, nizungushe." Nikamzungusha.

Kashuka, kasema, "Baba alikuwa hana muda na mimi. Simu, wafanyakazi, mabenki. Jumapili asubuhi, kabla ya kufungua, alikuwa ananipandisha hapa. Dakika mbili. Kwenye Nisogelee ananiangukia makusudi, na tumbo lile, nusura aniue." Kacheka. Kisha kaniangalia. "Mbona kona haisukumi?"

Nikasema, "Chuma kikizeeka kinalala, bosi."

Kaitikia kwa kichwa. Kaondoka akifuta viatu. Nimemdanganya mtoto wa watu kuhusu baba yake.

Na mimi nilidhani hana anachokumbuka hapa.

Jumatatu, 15 Julai

Kazi imefanyika.

Jumamosi, 20 Julai

Foleni ya Kobe leo ilikuwa fupi kuliko ya maji ya kunywa. Bosi kapita, kaangalia. Jioni kasema tu, "Unaona mwenyewe, mzee."

Naona. Sikumlinda Kobe. Nimemng'oa kabla ya mafundi.

Jumapili, 28 Julai

Binti kapiga. Kasema mjukuu kaona Kobe kwenye picha ya harusi yetu, kauliza kobe gani ana magurudumu. Hanyamazi. "Nitamleta, baba, Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Agosti nina mapumziko. Mimi sipandi. Namleta yeye."

Nikasema sawa. Nikakaa na simu imeshakatika.

Atakuja, na nguzo ya tisa haina kitu. Nitamwonyesha nini?

Jumatatu, 5 Agosti

Mawingu ya kwanza, madogo, upande wa machweo. Goti lilishasema tangu juzi.

Nimetoa kibati, nimekiangalia, nimekirudisha. Kukifunga kimyakimya siwezi. Nilikitoa kimyakimya na nimeona.

Ijumaa, 9 Agosti

Bosi kasema mkaguzi kapiga simu, anakuja Jumatatu na anataka daftari, atalisoma lote. "Huyu si kama wale wengine, mzee. Anasoma."

Nimefungua ukurasa wa tarehe moja Julai. Nimeushika kwa vidole viwili. Kurasa zina namba. Nikichana wa kumi na sita, wa kumi na saba utamwuliza mwenzake yuko wapi. Hata bila namba.

Nina miaka sitini na moja. Akinifukuzisha kazi, wapi wananichukua na goti hili.

Sikuchana.

Jumatatu, 12 Agosti

Kaja na koti lake la njano. Nikampa daftari, na juu yake kibati kwenye kilemba. Kauliza, "Hiki nini?" Nikasema, "Maelezo uliyoyataka."

Kakaa kwenye benchi la behewa la tano akasoma. Mimi nilisimama karibu na breki, sikujua mikono niiweke wapi. Mahali fulani alicheka. Mahali fulani aliacha kucheka. Kufunua kurasa kulichukua muda mrefu kuliko mizunguko mia.

Kafunga. Kasema, "Mzee, makosa yako ni mawili. Unajua lipi kubwa?"

"La kibati."

"Hapana. Kubwa ni la tarehe mbili Julai. Niliomba maelezo, wewe ukabadilisha reli peke yako, alfajiri, bila kumwambia mtu. Kama ungekosea bolti moja?"

Aliyoyasema nilikuwa nawaambia vibarua wapya kila mwaka.

Kamwita Bosi, kamwambia Kobe anafungwa mpaka apime upya, na mimi napewa barua ya onyo. Bosi kaligeukia daftari. Mkaguzi kampa. Kasoma amesimama. Alipofika tarehe kumi na nne Julai niliona amefika, masikio yalibadilika rangi.

Kasema, "Kumbe chuma hakikulala."

Nikasema, "Nisamehe, bosi."

Kaenda ofisini na daftari. Hii ninaandika baada ya kurudishiwa, jioni. Ndani nimekuta ameweka alama kwa kipande cha tiketi, pale penye baba yake.

Jumanne, 13 Agosti

Kobe amefungwa. Nimefagia.

Jumatano, 14 Agosti

Nimefagia. Bibi Tiketi kaleta chai. Kasema, "Miaka yote hii nasimama na mwongo." Nikasema ndio. Kasema, "Mwongo wa nati moja." Kisha kasema yeye na mumewe walipatana kwenye ile kona mwaka ule alipohama nyumbani, na hajawahi kumwambia mtu. Kanywa chai yangu akaondoka.

Ijumaa, 16 Agosti

Mkaguzi siku nzima na vipimo. Mchanga mwepesi, mchanga mzito, viti vitupu. Anaandika, anazungusha, anaandika. Manyunyu kidogo mchana, tukafunika.

Jumatatu, 19 Agosti

Kamaliza. Katuita mimi na Bosi kwenye nguzo ya tisa. Kasema anaruhusu reli iinuke vilevile, lakini sio kwa kibati kile. Kinachongwa kipya, kipana zaidi, bolti ndefu zaidi, na kinaingizwa kwenye mchoro kwa kalamu na saini yake.

Bosi kauliza, "Kwa hiyo mzee hakukosea?"

"Alikosea sana. Kwenye treni ya mbio, kibati hiki kingeua mtu siku ya kwanza. Kobe anakwenda taratibu, kwa hiyo kinachekesha." Kavaa kofia yake. "Mwendo mdogo unasamehe. Ndio maana mimi wanangu nawapandisha hizi."

Alhamisi, 22 Agosti

Kibati kipya kimefungwa. Mimi nimekaza, mkaguzi amesimama, Bosi ameshika taa ingawa ni mchana. Nimeangalia bolti tu. Hakuna aliyepita na ndoo.

Mchanga mizunguko kumi. Kwenye nguzo ya tisa mifuko ya nje ikalalia ya ndani, yote mitano, kama watu walevi wanaopatana. Mkaguzi kaweka saini.

Mchoro sasa una Nisogelee.

Ijumaa, 23 Agosti

Mawingu yamejaa. Goti limejaa.

Jumamosi, 24 Agosti

Kumekucha na manyunyu. Reli ikilowa Kobe hatoki, hiyo ni sheria na siivunji tena. Saa tatu mvua ikakatika, lakini reli inang'aa maji mita mia mbili na kumi, na watu wameanza kuingia. Nikachukua kitambaa nikaanza nguzo ya kwanza. Goti likagoma nguzo ya nne.

Nikasikia mtu anafuta upande wa pili. Bosi. Amekunja suruali, amepiga magoti kwenye matope, viatu vyeupe vimekuwa rangi ya uji. Nikamwambia, "Viatu, bosi."

"Futa, mzee."

Tukafuta mpaka mwisho, yeye ya nje mimi ya ndani. Nikagonga nati zote. Ting, ting, ting. Mchanga mizunguko mitatu.

Binti alikuja saa tano. Kapungua. Nilikuwa sijamwona kwenye mwanga wa nje muda mrefu, huwa namwona chini ya taa ya jikoni kwake. Mjukuu kakimbilia kichwa cha Kobe, kakipapasa, kauliza, "Babu, anang'ata?" Nikasema anang'ata wasiokula. Nikampima. Amezidi alama nyekundu kwa kidole.

Mjukuu akapanda behewa la pili na Bibi Tiketi, maana Bibi Tiketi kasema leo dirisha litajiuza lenyewe. Nikabaki na binti pembeni. Behewa la tatu halina mtu. Wengine nyuma wameshakaa.

Nikasema, "Panda na mimi."

"Nilisema sipandi, baba."

"Ulisema."

Mjukuu kageuka na mkanda wake. "Mama, babu anaogopa peke yake."

Ni kweli. Miaka minne. Nilikuwa nimeshashika chuma cha mlango na mkono haukutaka kuachia. Binti kauona ule mkono. Wauguzi wanaona mikono.

Kapita mbele yangu akaingia. Kakaa upande wa nje, sikumwelekeza.

Bosi ndiye aliyeachia breki. Mnyororo ukavuta. Tak, tak, tak. Huko juu unaona bustani yote, na paa la vyoo palipokuwa na banda la bati. Binti anaangalia mbele. Hatua tatu kabla ya kilele nikamwambia, "Hapa ndipo mama yako alipoiambia dunia kwamba unakuja."

"Dunia gani?"

"Mimi."

Tukaachiwa. Kona ya kwanza, kashika chuma. Ya pili, kashika chuma. Ya tatu Kobe akalala upande na binti yangu akaniangukia mzima mzima, bega, kichwa, nywele machoni mwangu. Mbele mjukuu na Bibi Tiketi wanapiga vicheko. Binti kajiinua haraka, kasema, "Samahani."

Mzunguko wa pili, mnyororo, kilele, mteremko, kona, kona. Nguzo ya tisa kaja tena. Hakuomba samahani. Wala hakujiinua. Reli ikanyooka, treni ikapunguza, tukaingia kituoni, kichwa bado kiko hapa.

Kasema, taratibu, "Hapo ndipo alipocheka?"

"Hapo."

"Kile cha kukohoa?"

"Kilekile."

Watu walitaka kupanda. Bosi kawaambia wasubiri kidogo, behewa la tatu halijashuka.

Jumapili, 25 Agosti

Mvua toka alfajiri, ile yenyewe. Tumefunga msimu. Bosi kaja na viatu vyeusi. Kasema mafundi wa kung'oa amewaambia wasije. Tai akija, na hajui kama atakuja, atakaa kwenye maegesho. Kaniomba kile kibati cha zamani akiweke ofisini. Nimempa kibati. Kilemba nimebaki nacho.

Nimemfunika Kobe kwa turubai mbili, nimefunga kamba.

Jioni binti kapiga. Mvua huko kwake pia. Kauliza, "Baba, mmemfunika?"

Nikasema nimemfunika.

"Na kichwa?"

"Na kichwa."

"Hebu kamwangalie tena."

Nikavaa koti, nikaenda kumwangalia tena.